Kicheko cha Mdaiwa

Kitabu chenyewe hakikuwa kipya. Kilikuwa kimekwisha kupita mikono mingi kabla ya kufika barazani petu, jalada lake limekunjika pembe na kurasa zake za mwanzo zimeingia doa la chai. Na aliyekileta, binti wa ndugu yangu, ambaye kutwa hukaa katika idara ya mikopo ya benki moja hapa Mombasa akisoma maombi ya wanaotaka fedha na udhuru wa walioshindwa kuzirudisha, alikuwa akikisoma huku akicheka peke yake, hata Mwalimu, jirani yetu aliyestaafu baada ya kusomesha fasihi ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka thelathini, akaweka chini kikombe chake cha kahawa na kuuliza ni furaha gani hiyo iliyomo humo. Akajibiwa kuwa ni deni. Mwalimu hakupendezwa. Shangazi yangu, mwenye duka la leso karibu na Mtaa wa Biashara, alikuwa amekaa mkekani akipitia daftari lake la wanaodaiwa, naye hakusema neno, ila niliona kalamu yake imesimama.

Haya yafuatayo ndiyo niliyoyahifadhi katika jioni ile. Makelele nimeyapunguza, na pale nilipokuwa na langu la kusema nimelisema kwa kauli yangu.

BINTI. Riwaya hii, Mwalimu, ni ya Sophie Kinsella, nayo ilitoka Uingereza mwaka 2000 kwa jina la The Secret Dreamworld of a Shopaholic, kisha mwaka uliofuata Wamarekani wakaiita Confessions of a Shopaholic, jina ambalo ndilo lililoenea. Ni habari ya Rebecca Bloomwood, ambaye wenziwe humwita Becky, msichana wa London mwenye umri wa miaka 25, mkaaji wa mtaa wa Fulham, ambaye riziki yake huipata kwa kuandika katika jarida linalowafundisha watu namna ya kuweka akiba, hali yeye mwenyewe hawezi kupita mbele ya kioo cha duka ila aingie, wala kuingia ila atoke na mfuko mkononi.

MWALIMU. Tabibu anayeugua maradhi anayoyatibu! Mzaha huo una mvi, mwanangu, ingawa sikatai kwamba bado una meno. Mimi sina ugomvi na ucheshi. Nina ugomvi na ucheshi unaoyaondolea uzito mambo yanayostahili uzito wake. Gustave Flaubert, alipotaka kuwaonyesha Wafaransa mwanamke aliyenaswa na mapenzi ya vitu, katika mwaka 1857, alimleta mfanyabiashara mmoja wa nguo aitwaye Lheureux, mtu wa maneno laini, ambaye humfuata Emma Bovary hadi nyumbani kwake na mitandio yake na vikorokoro vyake, wala hadai kitu siku hiyo, bali huandika tu. Na hati moja ikazaa hati ya pili, riba ikapanda mgongoni mwa riba, hata vyombo vya nyumba vikatangazwa kupigwa mnada na bibi yule akala sumu. Ni mwisho mchungu, lakini una insafu, kwa kuwa deni limefuatwa mpaka mahali linapokwenda. Sasa niambie, huyu wako naye anakula sumu?

BINTI. Hapana. Anapata kazi ya kuzungumza katika televisheni.

MWALIMU. Nilidhani hivyo.

BINTI. Kufa kwa Emma kunamtuliza msomaji, Mwalimu, kwani hufunga kitabu akijiambia kuwa yeye si mtu wa kula sumu, na kwa hiyo habari haimhusu. Becky haachi mwanya huo. Anapita mbele ya duka liitwalo Denny and George, anauona mtandio wa mahameli, wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, uliotiwa shanga zinazometameta, ambao bei yake imeshushwa kutoka pauni 340 hadi pauni 120. Na tangu dakika hiyo akili yake inafanya kazi kama ya wakili stadi aliyelipwa vizuri. Kununua mtandio ule si kutumia fedha bali ni kuweka akiba, kwani anayeununua leo amejiokolea pauni 220! Tena atauvaa daima, hata watu watakuwa wakimtaja kwa huo, yule msichana wa mtandio ule, na kitu kinachompa mtu jina hakiwezi kuitwa ghali. Hakuna hatua katika hoja hizo ambayo mimi sijaipita kwa miguu yangu mwenyewe. Ikafika saa ya kulipa, amepungukiwa na pauni 20, akamkopa bwana mmoja tajiri aitwaye Luke Brandon kwa kumwambia kwamba anataka kumnunulia zawadi shangazi yake aliyelazwa hospitalini.

SHANGAZI. Shangazi gani?

BINTI. Hakuna shangazi, Shangazi. Amemzua.

SHANGAZI. Ala! Nasi hutumiwa mpaka huko.

Hapo ndipo Shangazi alipoingia katika mjadala, na tangu alipoingia haukuwa tena mjadala wa watu wawili waliosoma vitabu. Lakini kabla sijafika kwake, niseme jambo moja kuhusu mwandishi, kwani Binti alilitaja upesi na halikustahili upesi ule. Sophie Kinsella, aliyefariki Desemba 2025 akiwa na umri wa miaka 55, jina lake la nyumbani lilikuwa Madeleine Wickham, naye kabla ya kuwa mtungaji alikuwa mwandishi wa magazeti katika mambo ya fedha, yaani kazi ile ile ya Becky. Alikuwa amekwisha kutoa riwaya kadhaa kwa jina lake, ya kwanza mwaka 1995, za namna nyingine kabisa. Na alipoandika hii ya vichekesho aliipeleka kwa wachapishaji wake wale wale bila ya kuwaambia ni ya nani, ili ipimwe kwa uzito wake na si kwa sifa ya mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kuwa hakujua deni ni kitu gani. Alijua hesabu zake, ndipo akachagua kucheka.

MWALIMU. Sawa, alijua. Lakini asemalo mjuzi kwa kicheko, mjinga hulisikia kama ruhusa. Wanawake wangapi wamesoma kitabu hiki wakahisi kwamba wamesamehewa?

BINTI. Na wanaume wangapi walisoma Vanity Fair wakahisi vivyo hivyo? Thackeray aliimaliza mwaka 1848, na humo mna Becky mwingine, Becky Sharp, ambaye yeye na mumewe wanakaa katika nyumba nzuri ya London, wanakula na kualika wageni bila ya kuwa na pato la kujulikana, hata Raggles, mwenye nyumba yenyewe, ambaye alikuwa mtumishi akadunduliza umri wake wote, anafilisika kwa sababu yao. Kinachekesha, Mwalimu, tena sana, nawe ndiwe uliyetusomesha kidato cha tano ukiwa unafuta machozi ya kicheko kwa leso. Hukutuambia kuwa kinaruhusu kitu. Ulituambia ni tashtiti. Sasa mwanamke akiandika habari za mwanamke, wauzaji wa vitabu wakatia jalada la rangi ya waridi, na wahakiki wakaipa aina hiyo nzima, pamoja na Bridget Jones wa Helen Fielding wa mwaka 1996, jina la dharau linalowafananisha wasomaji wake na vifaranga, tashtiti imegeuka ruhusa?

Mwalimu alichelewa kujibu. Alikuwa mtu mwenye staha katika kushindwa hoja ndogo, akitunza nguvu zake kwa ajili ya kubwa.

SHANGAZI. Ninyi mnanizungusha. Mimi nina swali la dukani. Huyo msichana, nani aliyemkopesha mwanzo?

BINTI. Benki yake. Riwaya yenyewe inafunguliwa kwa barua ya benki: inampongeza kwa kumaliza chuo kikuu, na kwa ajili ya furaha hiyo inampa ruhusa ya kutoa fedha kupita zilizomo katika hesabu yake, mpaka pauni 2,000.

SHANGAZI. Kabla hajaomba?

BINTI. Kabla hajaomba.

SHANGAZI. Basi kisa kimeanzia hapo, na mtandio ni mgeni aliyekuja baadaye. Mwalimu anamlaumu mnunuzi, nawe unamtetea mnunuzi, na muuzaji amekaa pembeni anakunywa kahawa kama kwamba hayumo! Nikwambieni mimi niliyeuza leso miaka arubaini. Mwanamke akiingia dukani simtazami uso, namtazama mkono. Yule anayeuliza bei mara tatu, akaenda duka la pili akarudi, huyo atalipa taslimu, na atataka kupunguziwa. Yule anayefungua jozi, akalisoma jina lake kimoyomoyo, kisha akaikunja tena polepole na kuiweka shavuni, wala bei haulizi, huyo hana pesa. Na hapo, wallahi, hapo ndipo ninapoamua mimi, si yeye. Nikisema, chukua mwanangu utalipa mwisho wa mwezi, nimekwisha muuza. Siku ile amefurahi kuliko siku atakayoivaa. Na mimi nayajua hayo yote wakati nafungua daftari.

BINTI. Basi wewe ndiwe Lheureux, Shangazi.

SHANGAZI. Simjui huyo. Lakini kama alikuwa akiandika bila riba, basi mimi ndiye.

MWALIMU. Alikuwa akiandika kwa riba kubwa.

SHANGAZI. Basi siye mimi.

Katika jambo hili Binti alikuwa na ya kuongeza, kwa kuwa ndiyo kazi yake, naye aliyasema kwa utulivu wa mtu anayezungumzia nyumba anayoishi. Alitueleza kwamba katika Septemba 1958 benki moja ya Marekani, iitwayo Bank of America, ilipeleka kwa posta kadi 60,000 za mkopo kwa watu wa mji wa Fresno, California, ambao hawakuziomba wala hawakujua ni nini. Na kwamba Waingereza walipata kadi yao ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1966. Kisha akasema neno ambalo mimi, kwa aibu yangu, sikuwa nimelifikiri.

BINTI. Mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1975 ya kuzuia ubaguzi wa jinsia, mwanamke wa Uingereza aliyetaka mkopo, hata kama mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mumewe, aghalabu aliambiwa alete mwanamume wa kumdhamini, mume au baba. Msichana wa miaka 25 katika mwaka 2000 amezaliwa takriban mwaka ule ule wa sheria. Mama yake Becky alipokuwa msichana, mlango wa deni ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Binti yake aliukuta wazi, umetandikwa zulia, na mtu amesimama hapo anampongeza kwa kufaulu mtihani. Kitabu hakisemi hivyo kwa maneno hayo, lakini ndicho kilichomo. Ndiyo maana siwezi kumlaumu kwa jambo la kuaminiwa, maana kuaminiwa kwenyewe kulipiganiwa.

MWALIMU. Haki ya kukopa si wajibu wa kukopa.

BINTI. Hilo waambie wanaopeleka barua.

Nitapita haraka yale yaliyosemwa juu ya maradhi. Mwalimu aliuliza kama si ukatili kumcheka mgonjwa, kwani tangu mwanzoni mwa karne iliyopita matabibu wa akili wa Ulaya, akiwamo Emil Kraepelin wa Ujerumani, wameandika juu ya watu ambao shauku ya kununua huwashika kama homa. Binti akakiri kuwa wapo, na kuwa amekwisha kuwaona mbele ya meza yake, wenye macho makavu na mikoba mizuri, na hao hawachekeshi. Wala mmoja wao hakutaka kuendelea. Nadhani wote wawili walihisi kwamba Becky anakaa mpakani, mguu mmoja katika maradhi na mguu mmoja katika udhaifu wetu sote, na kwamba mtungaji kwa hila anamweka hapo makusudi.

Kilichofuata kilileta kicheko cha kwanza cha Shangazi. Baba yake Becky, mtu mpole wa Surrey, anampa bintiye nasaha kwamba kwa mdaiwa ziko njia mbili tu, ama apunguze matumizi, ama aongeze pato. Na Becky, aliyekuwa mwanafunzi mwema daima, anaanza kwa kupunguza.

BINTI. Ili kupunguza matumizi ananunua kitabu cha kufundisha namna ya kupunguza matumizi. Kisha ananunua daftari zuri la kuandikia kila anachotumia, na kalamu inayostahili daftari hilo. Kisha anahesabu kwamba chakula cha kununua kinamla fedha nyingi, basi atapika mchuzi wa kihindi nyumbani. Anatoka akanunua vyombo vya kuupikia, na viungo vyote vilivyotajwa, na mashine ya kusagia viungo.

SHANGAZI. Mashine ya kusagia viungo? Kwa mchuzi mmoja?

BINTI. Mmoja, naye hakuweza kuula kwa ukali. Wakaagiza chakula.

Shangazi alicheka mpaka ushungi ukamteremka mabegani. Alituambia kwamba angetoa jozi mbili za leso bure amwone msichana yule akisimama mbele ya chungu, pilipili imemzidi, anahesabu alichookoa. Mwalimu naye alitabasamu, akageuza uso upande wa barabara ili asionekane.

Nilimwona, nikamuuliza, na hapo akasema lile kubwa alilokuwa akilitunza.

MWALIMU. Nakubali kuwa mchuzi ni mzuri. Nakubali kuwa hoja za mtandio ni za kweli, kweli ya kutisha. Lakini mtungaji aliyejua kuonyesha jinsi deni linavyoingia, kwa nini hakuonyesha linavyotoka? Binti yetu, nieleze kwa haki: deni lile linalipwaje?

BINTI. Linalipwa kwa bahati, na kwa kitendo kimoja chema. Ilikuwa desturi ya miaka ile Uingereza vyama vya akiba na bima vilivyokuwa mali ya wanachama kujigeuza kuwa makampuni na kuwagawia wanachama wao hisa au fedha. Abbey National mwaka 1989, Halifax mwaka 1997, na watu wengi waliokota fedha kama zilizodondoka mbinguni. Katika riwaya kuna kampuni ya kubuni, Flagstaff Life, na majirani wa wazazi wake Becky, mzee na mkewe, wamo humo. Wanamuuliza shauri, kwani si ndiye mjuzi wa fedha? Naye, asiyekumbuka alichosoma, anawaambia wahamishe fedha zao, wakakosa fungu lao, maelfu ya pauni, siku chache kabla ya kutangazwa. Anaona haya. Anachunguza, anakuta kuwa kampuni iliwachezea wateja wake, anaandika makala kwa hasira, makala inampeleka kwenye televisheni, na televisheni inamlipa.

MWALIMU. Umesikia? Anaokolewa! Msomaji mwenye deni kama lake ataandika makala gani?

Na mimi nasimama na Mwalimu katika jambo hili, ingawa si kwa sababu yake. Yeye aliona kasoro katika maadili. Mimi naiona katika ufundi, kwamba theluthi mbili za kitabu zimejengwa juu ya hesabu, kila pauni imetajwa na kila pauni inauma, kisha katika theluthi ya mwisho hesabu zinafifia na mapenzi yanaingia na suti nzuri. Hata hivyo yapo maungamo niliyomfanyia Binti usiku ule tukitoka, kwamba katika habari ya majirani ndimo ulimo moyo wa kitabu: msichana aliyekuwa akificha barua bila ya kuzifungua, kwa mara ya kwanza anasoma karatasi ya fedha mpaka mstari wa mwisho, kwa kuwa fedha si zake. Waliotengeneza filamu ya mwaka 2009 waliihamishia habari New York na mtandio wakautia rangi ya kijani. Ikatoka Februari, dunia ikiwa bado inatetemeka kwa kuanguka kwa mabenki ya mwaka uliotangulia, na watu waliokuwa wamepoteza nyumba wakaambiwa waje wacheke juu ya viatu. Kitabu kile kile, miaka tisa tu baadaye, na kicheko kilikuwa kimekwisha kubadilika ladha.

SHANGAZI. Mmesahau barua. Binti, zile barua nyingine zinasemaje?

Hapa Binti alifungua kitabu, akatusimulia kwa Kiswahili chake. Kati ya sura na sura zimetiwa barua za mabenki na maduka, na aliye mashuhuri kuliko wote ni Derek Smeath wa Endwich Bank, ambaye sisi humjua kwanza kwa kalamu yake tu. Becky hatusomewi anachomjibu. Tunakisia kwa rambirambi. Bwana yule anasikitika kusikia kwamba mguu umevunjika. Anasikitika kwa kifo cha mbwa. Anafurahi kusikia kuwa mteja wake ameingia katika dini kwa moyo wote, isipokuwa jambo hilo, kwa bahati mbaya, haligusi hesabu yake. Na kila barua inamalizika palepale ilipoanzia: tafadhali njoo tuonane.

MWALIMU. Huyo Smeath ni mwandishi mzuri.

SHANGAZI. Ni muungwana. Nami nataka kuandika kama yeye.

Kumbe kalamu yake ilikuwa imesimama tangu jioni juu ya jina moja, mwanamke aliyechukua jozi sita za leso kwa ajili ya sare za arusi ya mdogo wake, tangu Mfungo Mosi, na arusi imekwisha kuzaa mtoto. Akatupa simu yake tumtungie. Binti alipendekeza maneno machache na tarehe, Mwalimu akasema bila ya salamu ujumbe utakuwa kama tusi, akaongeza mistari miwili ya kuulizia hali ya wazee, Shangazi akataka yafutwe maneno ya wazee, kwani wazee wenyewe walikuwa wamevaa leso hizo, Mwalimu akayarudisha. Wakashindana juu ya neno deni, na wakalibadilisha kuwa amana, kisha wakaona amana ni uwongo, wakaandika ile hesabu yetu. Binti akautuma.

Tulikuwa hatujamaliza kahawa simu ilipolia. Binti akasoma jibu kwa sauti: anamshukuru sana Shangazi kwa kumkumbuka, naye alikuwa akija kesho asubuhi bila kukosa, ila leo hii ameteguka mguu kwenye ngazi, hata kukanyaga hawezi.

Mwalimu aliuma mdomo. Shangazi aliandika tarehe ya siku hiyo katika daftari, akapuliza wino ukauke.

SHANGAZI. Mwambie pole sana, Mungu ampe afueni. Kisha muulize, mbwa hajambo?